Taa Isiyomwona Mshona Viatu

"Hodi humo kabatini!"

Fundi alishtuka, bisibisi ikamponyoka. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya sanduku la chuma kwenye nguzo ya taa za makutano. Alipokitoa, hakuona mtu.

"Huku chini, mwanangu. Na wewe hunioni?"

Mgeni alikuwa ameketi juu ya ubao wa magurudumu, viganja amevivisha ndara, mgongoni begi la viatu vibovu.

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?"

"Nashona viatu pale ng'ambo. Tangu mlete taa zenu zenye akili, mimi si mtu tena. Wenzangu wakisimama hapa, taa inawangoja wavuke. Nikija mimi, kimya. Nikijitosa, inageuka ningali katikati, na magari hayana simile."

Fundi alimwomba asogee mbele ya kamera, akatazama kompyuta yake. Kila mpita njia alizungushiwa mstari wa kijani. Mshona viatu alizungushiwa wa kijivu: mzigo.

Uso ulimchoma. Sanduku lile halikuuliza makao makuu. Lilitazama na kuamua lenyewe, papo hapo barabarani. Alilipenda kwa hilo. Lakini wao mafundi ndio waliolifundisha kutambua watu, wakipita na kurudi mbele ya kamera, wote wima.

"Sitaondoka hapa leo kabla taa haijakungoja, baba. Nakuahidi."

Simu ikaita. Msimamizi.

"Dada, uko wapi? Wageni wamefika kwenye mzunguko mkuu wa barabara. Mkurugenzi anachagua kati yenu vibarua wa kuajiri, anataka kuwaona kwa macho!"

"Nina kazi ndogo hapa."

"Si uifanye kesho?"

"Jioni masanduku yanafungwa. Baada ya hapo, kubadili kitu mpaka kikao kikae."

"Shauri yako. Atakayeonekana ndiye atakayeajiriwa."

Mshona viatu alikuwa amesikia. "Nenda, mwanangu. Mimi nimezoea. Kazi ya kudumu haiokotwi njiani."

Fundi alitazama upande wa mzunguko. Miguu yake ilikwisha kugeukia huko. Akairudisha.

"Vuka, baba."

Alisimamisha magari kwa mkono, mshona viatu akavuka, akarudi, akavuka tena. Kila picha fundi aliiandikia: mtu. Sanduku likasitasita. Kijivu. Kijani. Kijivu tena! Jasho lilimtiririka, alikwenda huku na huku kama kuku anayetaka kutaga.

"Nyie, mnacheza barabarani?" dereva mmoja alifoka.

"Tunafundisha kabati kutambua watu," mshona viatu akamjibu. "Ngoja, wewe tutakujaribu baadaye!"

Simu iliita tena mfukoni, ikaita, ikanyamaza.

Mwishowe fundi alivua kizibao chake cha kazi cha kung'aa, akarudi nyuma hadi ukutani, mikono ameificha kwapani ili isisimamishe gari lolote. Mshona viatu alisogea ukingoni peke yake. Magari yalipita. Yakapita. Kisha taa ikawa nyekundu kwao, yakasimama.

Akaanza kuvuka. Katikati ya barabara begi lilimteleza begani. Akatua, akalivuta, akakaza mkanda taratibu. Kutoka upande wa mzunguko makofi yalisikika, ya watu wengi. Dereva wa mbele alipiga honi.

Taa ilikuwa bado inamngoja.