Mashine Inavyoonekana kutoka Mlimani

Jumatatu saa moja asubuhi Werema alikaza mkanda wa mashine ya kusaga, akapangusa unga kwenye swichi, kisha akamkabidhi mkewe ufunguo na kumwambia anakwenda mlimani kuangalia biashara. Wegesa akaupokea bila kuuliza kitu. Wiki hiyo nusu ya wafanyabiashara wa Gorong'a walikuwa wanaondoka hivyo hivyo.

Aliyewatuma ni Honoratha, afisa maendeleo, mwenyeji wa Bukoba, ambaye Kikurya chake kiliishia kwenye salamu. Kwenye semina aliwaambia kwamba mtu anayeshinda ndani ya biashara yake haioni. Kila mmoja akae mbali nayo saa moja kwa siku, aitazame kwa utulivu, na kila siku asogee mbali zaidi. Habari za miaka hakuzigusa. Labda kwao milima haiko hivyo.

Mlangoni Werema alimkuta dada yake, Scholastica, kwenye foleni na debe lake la mahindi.

"Kaka, Jumamosi wanaleta ng'ombe wa mahari ya Christina," alisema. "Mwanangu yuko kidato cha pili. Baba yake hasikii la mtu, ila wewe mwenye mashine anakuheshimu. Njoo useme neno, mura."

"Nitaona," Werema alijibu. "Ngoja kwanza nimalize haya mazoezi."

Siku hiyo alikaa kwenye jiwe la chini kabisa, akaiona mashine yake kama ilivyo: bati la bluu, nguzo ya umeme, akina mama na madebe yao. Jumanne alipanda mpaka mawe ya katikati, na alipogeuka akaona mwaka 2011. Nguzo haikuwepo. Injini ya dizeli ilikuwa inaunguruma, na baba yake, waliyemzika mwaka 2014, alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda akiwafokea wanaoruka foleni. Werema akaangalia saa kwenye simu. Alikuwa na dakika arobaini bado, akaendelea kukaa.

Wakati wa kushuka alikutana na Nikodemo, fundi baiskeli.

"Leo umefika wapi?" Nikodemo aliuliza.

"Elfu mbili na kumi na moja."

"Mahindi yalikuwa mazuri mwaka ule."

"Sana. Na wewe?"

"Mimi niko kwenye corona bado. Magoti, mura."

Jumatano akafika mwaka 2006. Wegesa alikuwa na mtoto wao wa kwanza mgongoni, akicheza kwa mdundo wa injini huku akikinga unga na kucheka. Werema alijaribu kukumbuka kicheko kile kiliisha lini, akashindwa, na ikamuuma. Kusema ukweli aliikumbuka pia dizeli. Umeme hauna harufu, na ukibonyeza swichi hakuna anayekushangilia. Injini ile ilitaka wanaume wawili kwenye hendeli, na ikikubali kuwaka, watu wanapiga vigelegele kana kwamba kuna harusi. Alilia kidogo kule juu, akajifuta kwa kiganja, akashuka kula chakula cha mchana. Alhamisi alirudi kwenye jiwe lile lile, ingawa afisa alisema wasogee. Alitaka tu kumtazama mkewe tena.

Ijumaa akafika kileleni. Huko ulikuwa mwaka 2003, na mashine haikuwepo kabisa. Mahali pake palianikwa muhogo. Ng'ombe kumi na wawili walikuwa wanaingia kwenye mji wa baba yake, na kijana wa miaka ishirini na saba, hana mke wala kazi, alisimama langoni akiwapokea kwa mluzi. Kijana huyo alikuwa yeye. Wanane kati ya ng'ombe wale walikwenda kumwoa Wegesa, na wanne wakauzwa mnadani ikanunuliwa injini. Werema hakuwa amelisahau jambo hili. Alikuwa hajawahi tu kulitazama.

Scholastica akatoka nyuma ya jiko, na sare ya shule ya msingi mwilini, akatazama mlimani, akaanza kupanda. Alifika akihema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

Alieleza shida yake bila kulia. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki tatu. Mwalimu Sylvester alisema atafaulu. Ng'ombe waliokuwa wanaingia kule chini ni wa mahari yake.

"Wewe ni mtu mzima, na huku juu sauti inafika," alisema. "Wapigie kelele waniache nimalize."

Sauti ilikuwa inafika kweli. Werema aliusikia mluzi wake mwenyewe. Alijua kwamba akipaza sauti ng'ombe watarudishwa, kwa sababu siku hizo watu walikuwa wanaogopa mzee anayesema kutoka mlimani. Akafikiria bati la bluu. Akamfikiria Wegesa, na watoto wao wanne, mmoja mmoja kwa majina. Akautazama ule muhogo muda mrefu, na msichana alisubiri amesimama, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Ng'ombe wameshaingia, binti," Werema alisema.

"Haya. Asante, baba."

Akashuka. Njiani aliokota kuni, asirudi nyumbani mikono mitupu.

Jumamosi Werema alikwenda kwa shemeji yake. Scholastica alimletea maji ya kunawa na hakuyaondoa macho yake usoni mwake. Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja, wanene. Werema, kama mjomba, alipoombwa aseme neno, alisimama, akakohoa, akamsifia dume mwekundu. Baada ya chakula, Evance, kaka yake Christina, alimfuata kwa ushauri. Katika ng'ombe wale atapewa wa kuanzia karakana ya kuchomelea. Werema akamshauri atafute kiwanja njia panda, na mara moja moja atoke nje aitazame kazi yake kwa mbali.

Alhamisi iliyofuata Scholastica alikuja na debe lake, akakaa foleni mpaka zamu yake.

"Yule mzee wa mlimani alikuwa wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Nilianza kukushuku mvi zilipokutoka. Ndiyo maana nilikuja kukuomba. Nikasema, alikataa siku ile, labda safari hii atakubali." Akalisogeza debe karibu na mashine. "Miaka ishirini na moja sikumlaumu yule mzee, kaka. Nilikuwa najiambia ni mtu baki, yetu hayamhusu."

Werema alishika swichi, akangoja kama kuna lingine.

"Usilainishe sana," Scholastica alisema. "Na saga nusu tu, siku hizi tumebaki wachache wa kula."