Ua Lisilo na Pacha

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu mchonga milango azikwe, na katika miezi hiyo mdogo wake, mchoraji, hakuwa amechora hata jani moja la kumridhisha. Si kwamba hakujaribu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliketi kwenye meza yake katika karakana ya marehemu, akachonga penseli, akapiga bismillahi, akaikabili karatasi. Na kila siku karatasi ilimshinda. Mkono ulikuwa mzima na macho mazima. Kilichokufa ganzi ni kile kilichomo baina ya viwili hivyo, ambacho hakuna tabibu anayekijua jina.

Kwa miaka thelathini kazi yao ilikuwa moja. Mkubwa alikunja karatasi katikati, mdogo akachora nusu ya nakshi juu ya tabaka la mbele, kisha mistari ikatobolewa kwa sindano hadi tabaka la nyuma, ili karatasi ikifunuliwa, nusu ya pili iwe imejizaa yenyewe. Karatasi hiyo ilibandikwa kwa gundi juu ya ubao, patasi ikapita humo humo, na mlango ulipokamilika mchoro ulikuwa umekwisha kwenda na vumbi la mbao.

Msumeno ulikuwa umemkata mkubwa ncha ya kidole gumba tangu ujanani. Mtaa mzima ukamwita Gumba, naye akaitika. Kwa kidole kile hakuweza kubana pembe za karatasi, hivyo mkunjo wake uliteleza kila mara: chini kulia tabaka moja lilizidi jingine kwa upana wa kidole.

“Kaka, hata kukunja karatasi?” mdogo alikuwa akimwambia. “Mtoto wa chekechea anakushinda!”

“Nikikunja sawasawa wewe utafanya nini?” Gumba alijibu. “Utakaa tu kupokea sifa za bure?”

Basi katika ukanda ule uliozidi, mdogo alichora ua moja lililoinama, ili kuificha kasoro. Upande wa pili halikuwa na pacha. Wateja walilishangaa, wakasema hiyo ndiyo alama ya fundi aliyebobea. Mchoraji aliinamisha macho kwa unyenyekevu.

Jumanne moja shemeji yake, mjane wa Gumba, aliingia karakanani, mikono yake imejaa vumbi hadi viwikoni. Mumewe alikuwa amemfundisha kuchonga, na miaka mingi ndiye aliyechimba usuli wa milango yote, ile ardhi ya nyuma inayoiinua nakshi, ingawa mtaani sifa zilikwenda kwa wengine.

“Shemeji, yule daktari aliyetuletea ubao wa mlango amerudi. Anataka mlango wenye nakshi isiyo ya mtu mwingine. Ametupa hadi Ijumaa. Mchoro usipokuwa juu ya ubao, anauchukua ubao wake. Na ubao ule ukitoka, mimi nafunga hapa. Sina kingine cha kuchonga.”

“Nakshi haziji, shemeji.”

“Haziji, au huziiti?”

Mama yule akainama, akaokota karatasi zilizotupwa kapuni, moja baada ya nyingine, akipitisha kucha juu ya mikunjo.

“Hizi umezikunja mwenyewe?”

“Kwa rula.”

“Zimenyooka kama sanda,” alisema, na papo hapo akajuta kulitamka neno hilo.

Akaenda kufungua kitambaa ambamo patasi za marehemu zilikuwa zimeviringishwa, akarudi na karatasi moja iliyokunjwa.

“Aliikunja wiki ile ya mwisho. Nimekuwa nikikuficha.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ukiichora, nitaichonga. Na nikiichonga imekwisha.”

Mchoraji aliipokea kwa mikono miwili. Chini kulia tabaka moja lilizidi, na pale kidole kilipoteleza palikuwa na doa la gundi, duara fupi lisilo na ncha. Miaka thelathini alikuwa ameitukana kasoro ile, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimpa sababu ya kuchora.

“Irudishe,” alisema. “Iweke. Ndiyo mkono wake pekee uliotubakia.”

“Niiweke niitazame?” Mjane alitikisa kichwa. “Angetucheka, shemeji. Angesema tumepata wazimu, tunahifadhi karatasi tupu na ubao unangoja.”

Akamwacha nayo. Mchoraji akaishika penseli, na kwa mara ya kwanza maishani hakuanzia juu. Alianza na lile ua lililoinama, kandokando ya doa la gundi, asiliguse. Kutoka kwenye ua ukapanda mzabibu, na kutoka kwenye mzabibu majani. Na adhana ya adhuhuri iliposikika nusu ya mlango ilikuwa imetimia. Alikuwa akilia muda wote, kichwa amekigeuza pembeni, machozi yasije yakaloweka karatasi.

Alhamisi ubao ulikuwa umevikwa karatasi ile. Wiki iliyofuata patasi ya shemeji ilifika kwenye ua. Ikasimama.

“Nipite?”

“Pita, shemeji.”

Vipande vikaanguka, doa na mkunjo pamoja. Mchoraji alivifagia mwenyewe, taratibu, wala hakuchagua hata kimoja cha kuweka.

Asubuhi iliyofuata aliisukuma rula mbali, akakificha kidole gumba ndani ya ngumi, akakunja karatasi mpya. Mkunjo ukaenda upande ovyo.

Shemeji alichungulia begani pake. “Mh! Hata yeye hakuwa mbovu kiasi hicho.”

Mchoraji alicheka. Ulikuwa mtelezo wa mtu mwingine kabisa, wala haukufanana na ule wa kaka yake. Akautazama ukanda uliozidi, upana wa vidole viwili vizima, kisha akachukua penseli, akaanza kulitafuta ua la kuujaza.