Kipengele cha Walimu wa Alama

Binti yangu akiwa na hotuba ya kuwasomea wageni, huisomea kwanza nguo ninazopiga pasi. Husimama karibu na kabati la vyombo, miguu peku, karatasi mkononi. Mimi nipo upande wa pili wa meza na pasi yangu na kikombe cha maji ya kunyunyizia. Akikosea hukohoa, akaanza upya. Nikichoka humwambia, "Mwanangu, hata shati hili limeshaelewa."

Kazi yake ni katika ofisi ya ushirikiano na nchi za nje, upande wa elimu, utamaduni na sayansi. Nchi yetu ikikaa na nchi nyingine kupatana, ofisi yao ndiyo inayosema sisi tunataka nini kwanza. Hivyo ndivyo wanavyoviita vipaumbele. Huwezi kumwomba mgeni kila kitu. Ukimwomba kila kitu atakugawia kalamu na fulana, akapiga picha na wewe, akaenda zake. Kwa hiyo wao huchagua jambo moja la elimu, moja la utamaduni, moja la sayansi, wakayashikilia hayo.

Safari hii niliyajua yote matatu kwa moyo, kwa kuyasikia tu. La sayansi lilikuwa visima vya kupimia maji yaliyo chini ya ardhi, ijulikane yanashuka kwa kasi gani kabla hatujabaki na ndoo tupu. La utamaduni lilikuwa kanda za zamani za redio, zenye ngoma na masimulizi ya watu waliokwisha kufa, ambazo zinaoza katika chumba chenye unyevu mpaka zinagandana kama ubani uliotafunwa. Na la elimu lilikuwa walimu wa lugha ya alama: waje kutoka kwa wenzetu wawafundishe wetu, mpaka wetu watoshe, ili watoto viziwi wasiishie madarasa ya chini.

Alipofika kwenye hilo la elimu nilikuwa nainua pasi juu nisije nikaunguza nguo, maana masikio yote yalikuwa kwake. Mjukuu wangu ni kiziwi.

Mimi humwita Chiriku, na watu hucheka, kwa kuwa chiriku ni ndege wa kelele. Lakini kaa naye asubuhi moja utaona nisemalo. Mikono yake haipumziki. Anakula huku anasema, anavaa soksi huku anasema, hata akipiga mswaki mkono mmoja unasimulia ndoto. Homa ilimchukulia masikio kabla hajajua kutembea. Mwanzoni tulimpeleka shule ya kawaida, akawekwa dawati la mbele atazame midomo ya mwalimu. Mwalimu akigeukia ubao, kwa Chiriku somo limekwisha. Alikuwa anarudi nyumbani kichwa kinamuuma, macho mekundu, na wenzake walimwita Ukuta. Mwaka mzima wa Ukuta. Ndipo tukapata shule yenye darasa la alama, na mwalimu mgeni aliyeletwa kwa mkataba wa zamani. Muhula wa kwanza tu, mtoto akawa kama mtu aliyefunguliwa kitambaa usoni. Alitaka jina la kila kitu: kizibo, kivuli, shombo, wivu.

Shule ile huwafundisha alama na wazazi pia, Jumamosi asubuhi. Tuko watatu nyumbani, wanawake watupu, kwa hiyo nilikwenda mimi. Vidole vyangu vimekakamaa kwa uzee, na Chiriku husema nina kigugumizi. Mama yake alikuja mara chache. Jumamosi zake nyingi zilikuwa za viwanja vya ndege. Alama anazozijua ni kula, lala, oga, shule, njoo, toa, mimi, wewe, nakupenda. Viziwi humpa kila mtu jina la mkono. Langu ni kusukuma miwani juu ya pua. La mama yake ni kuvuta mpini wa sanduku la magurudumu.

"Ndiyo jina gani hilo?" binti yangu aliuliza siku alipoonyeshwa, kicheko kimemfika nusu.

"La mtu anayeondoka," nilimwambia. "Ukitaka jingine, kaa."

Basi wiki ile ya wageni alisimama tena penye kabati akasoma. Visima, sawa. Kanda, sawa. Akafika kwenye elimu, akasema, "Vishikwambi kwa shule za sekondari." Akaendelea mbele kama gari lililoruka shimo.

Nikaisimamisha pasi kwa kisigino chake.

"Rudia hapo pa elimu."

"Vishikwambi, mama. Vile vya kugusa kwa kidole."

"Navijua. Walimu wa alama wako wapi?"

"Wametoka."

"Wametoka wenyewe, au wametolewa?"

Akakunja ile karatasi, akaikunjua. "Mama, kazini kuna watu wana midomo. Mimi ndiye ninayeandika. Ikijulikana mtoto wangu yumo katika darasa hilo watasema mpishi anajipakulia."

"Kipengele hicho ulikianzisha wewe?"

"Hapana. Kililetwa na watu wa shule. Kilipita vikao vyote kabla hakijafika mezani kwangu."

"Sasa umejipakulia vipi kutoka sufuria uliyoikuta imeshaiva?"

"Mama, wewe huielewi serikali."

"Serikali siielewi. Chiriku namwelewa. Na bosi wako je, amekubali?"

"Nimemwambia Mkurugenzi kwamba watu wa shule hawako tayari."

"Umemdanganya."

"Hakuna mtu aliye tayari kabisa kwa jambo lolote, mama. Huo si uongo."

Nilimtazama mwanangu. Ni mtu ambaye akipewa peni ya ofisi huirudisha ofisini. Gari la kazi halijawahi kumpeleka sokoni hata mara moja. Nikasema moyoni, labda ni huo uaminifu wake tu umezidi kipimo, kama chumvi. Kisha nikauliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kuliuliza.

"Huko ofisini wanajua kwamba una mtoto kiziwi?"

Akaingiza karatasi kwenye mkoba. "Wanajua nina mtoto," alisema.

Nikamwambia bado ana usiku wa kufikiri. Nikamwambia mwalimu mgeni mkataba wake unakwisha mwisho wa muhula, na asipopatikana mwingine darasa la juu halitafunguliwa, na Chiriku atarudishwa kule kwenye dawati la mbele. Yote hayo aliyajua. Aliniitikia "Ndiyo, mama" kwa kila moja, kama mtu anayehesabiwa sindano. Asubuhi alivaa gauni nililolinyoosha, akaondoka bila kumaliza chai.

Alasiri akarudi na Mkurugenzi wake. Sikuwa nimewahi kumwona mtu huyo ila kwa picha: mtu mnene mwenye sauti ndogo, aliyevua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nikaleta chai. Alikuwa hana hasira. Alikuwa kama mtu aliyepoteza funguo na anazitafuta mfukoni mwa mwenzake.

"Mama, shikamoo. Binti yako leo ameniacha hoi."

"Marahaba, baba. Amefanya nini?"

"Wageni walikuja na walimu wao tayari. Majina, vyeti, kila kitu. Walikuwa wamesoma rasimu yetu ya kwanza. Mkubwa wao akauliza, na lile la viziwi je? Huyu akajibu, kwa sasa si kipaumbele. Wakatazamana, wakanong'onezana, wakafunga faili. Walimu wale sasa wanakwenda nchi nyingine, iliyokuwa ikiwaomba kwa magoti."

"Hamwezi kuwarudisha?"

"Saini zimekwisha kutiwa. Tutakaa tena baada ya miaka minne, kama bado tunasalimiana." Akamgeukia binti yangu. "Na nimewapigia watu wa shule. Wanasema walikuwa tayari tangu mwaka jana. Mimi sikukuleta nyumbani nikuaibishe, dada. Nilitaka tu uniambie mbali na ofisi. Ni nini?"

Binti yangu alikuwa anazungusha kikombe kwenye kisahani chake.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Chiriku hajui kishindo. Aliingia na sare yake, begi likimburuta bega, akamwona mgeni, mikono ikaanza kabla begi halijafika chini.

"Anasemaje?" Mkurugenzi akauliza.

"Anauliza wewe ni nani, na kwa nini umekalia kiti chake," nikamjibu.

Akacheka, akainuka upesi kama aliyekalia kifaranga, akahamia kiti kingine na kumpungia Chiriku akae. Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kisha kikaondoka.

"Huyu ni wa nani?"

"Ni wangu," binti yangu akasema.

Chiriku alitutazama midomo mmoja baada ya mwingine.

"Miaka yote hii," Mkurugenzi akasema, "wewe hujui kwenda kunywa maji?"

Hapo ilibidi anieleze. Ofisini kwao, likija jambo linalomgusa jamaa wa mtu, mtu huyo husema "Nakwenda kunywa maji," akatoka. Wengine huamua, kisha humwita. Hakuna anayemnunia wala kumsengenya. "Siku ya chuo cha shemeji yangu," alisema, "nilikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma. Wewe ungetoka tu. Kipengele ningekisoma mimi."

"Wangeuliza nimetoka kwa nini."

"Wangeuliza. Ungesema nina mtoto kiziwi. Maneno hayo yana mwiba gani?"

Mkurugenzi akainuka, chai yake imejaa vilevile. Mlangoni aliinama kuvaa viatu, akachukua muda mrefu kwenye kamba, akaniambia, "Samahani sana, mama." Hakusema samahani ya nini.

Tukabaki watatu. Chiriku akanivuta mkono. Akaniambia kwamba leo mwalimu amelia darasani. Amepigiwa simu na watu wa kwao: hakuna atakayekuja kushika nafasi yake. Darasa la juu halitakuwepo. Kisha akasukuma miwani isiyokuwepo puani, ndiko kuniita kwa jina, akasema: "Mama anafanya kazi na wageni. Mwambie awaulize ni nani aliyetutoa."

"Anasemaje?" binti yangu akauliza.

Nikamwambia neno kwa neno, sikupunguza.

Akaweka kiganja mdomoni. Kisha akasema, "Mwambie ni mambo ya serikali."

"Hilo simwambii."

"Basi mwambie ukweli. Wewe unajua kusema naye."

"Umeweza kusema mbele ya wageni na bendera zao. Huyu ni mtoto mmoja."

Nikachukua vikombe, lakini sikufika mbali. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na trei mikononi. Binti yangu akapiga magoti mbele ya kiti. Akajigusa kifuani: mimi. Akachomoa kitu kwenye kiganja akakidondosha: toa. Kisha shule. Kisha wewe.

Chiriku akakunja uso, akanitazama mimi nimfafanulie. Mikono yangu ilikuwa na trei, na hata ingekuwa mitupu nisingeiinua. Mama yake akarudia. Mimi. Toa. Shule. Wewe. Mara hii nikaona yanaingia. Yaliingia polepole, nyusi zikishuka, midomo ikifunguka kidogo. Akauliza kwa nini. Hiyo hata asiyejua alama angeisoma.

Binti yangu akainua mikono. Akajigusa kifua, akataka kuendelea, vidole vikasimama hewani havina pa kwenda.

"Mama," akasema bila kugeuka, "aibu inasemwaje?"

Ndipo nilipojua. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba ni uaminifu. Nikaweka trei sakafuni, nikamwonyesha: kiganja kinashushwa usoni, kutoka paji hadi kidevuni. Akamgeukia mtoto, akakishusha.

Chiriku akajigusa kifuani. Mimi? Unanionea aibu mimi?

"Hapana, hapana," binti yangu akasema kwa mdomo, kwa sauti ya juu, akitikisa kichwa mpaka hereni moja ikatoka. Akajigusa, akamgusa mtoto, akafungua viganja, akavifunga. Alikuwa na mengi ya kusema, na alama zake zote zilikuwa za kula na kulala.

Mtoto anayesikia, asipotaka kusikia, huziba masikio. Chiriku alifumba macho.

Mama yake akamgusa bega. Chiriku akalisogeza bega. Akamgusa goti, akakunja miguu yote kitini. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka, na machozi yalipata njia hivyohivyo. Hakukuwa na mlango wa kubisha. Binti yangu akaketi sakafuni mbele yake, akainua mikono, akaiweka tayari palepale hewani, isije ikachelewa macho yatakapofunguka.

Nikaokota trei, nikaondoka kwa ncha za vidole, vikombe nimevishikilia visigongane, kana kwamba kelele ndiyo ingemzuia kuyafungua.