Karatasi ya Kumi na Mbili

...na hata unywele mmoja, unywele mmoja tu polisi hawakuleta mahakamani, Wilma anawaza, kiganja kimeilalia karatasi aliyoikunja, ndani yake kaandika "hana hatia", kumi na moja nyingine zimeshaingia kwenye kofia ya Gene Halvorsen, na Gene, waliyemfanya kiongozi wa juri kwa kuwa alikaa karibu na mlango, anamnyooshea ile kofia na kusema, "Bado wewe tu, Bi Wilma," kwa sauti laini mno, na mwenye sauti laini ana lake jambo, jambo lenyewe ni soya yake iliyokauka shambani, mara tatu kachungulia dirishani, anataka kumfunga kijana wa watu, huyu Kody, ili awahi mavuno... na huyu mwalimu wa muziki hapa pembeni, mbona kaikunja yake mara nne, nani hukunja mara nne asiye na la kuficha... na yule mpelelezi, lo, nywele kazichana kama anakwenda kuposa, wakili wa Kody kamuuliza, kwenye kikaango alichopigwa nacho Bi Ardis Kolb hadi akavunjika mkono, mlipima alama za vidole? naye bila haya, "Hapana, bwana wakili. Kody ni jirani yake, alikuwa akila pale kila Jumapili. Alama zake zimejaa nyumba nzima. Zingetuambia nini?" Zingetuambia nini! Kody asema alikuwa kwake kalala, sasa nani aaminiwe, kwenye televisheni wangenyunyiza ule unga mweusi, wangewasha ile taa ya buluu, na kabla ya tangazo la mwisho mashine ingelia na sura ya mwovu ingejitokeza, miaka kumi na minne Wilma kaona hivyo, kila Alhamisi, yeye kwenye kochi, mumewe Vernon kwenye kiti chake cha kulaza mgongo, wakishindana, "Ni daktari huyo," husema Vernon, "Daktari wako anasingiziwa, mzee, ni mke," na kweli huwa mke... ina maana kaunti nzima hapa Iowa haina unga? fomu inazo, fomu ya kuwaagizia wanajuri chakula cha mchana, mkate wenye nyama ya bata mzinga, ina nakala tatu na sahihi mbili, hizi karatasi za kura zenyewe ni migongo ya fomu hizo, lakini unga wa vidole hakuna, hapo pana mkono wa mtu... "Hakuna anayekuharakisha, mama," anasema Gene, maana yake harakisha... na siku ya kwanza mwendesha mashtaka aliuliza, nani hapa hutazama vile vipindi vya maabara, na Wilma, kiapo kimeshamtoka mdomoni, akasema, "Mara moja moja tu, kijana wangu," mara moja moja! alidanganya kwa nini, kwani ni dhambi... angesema kweli wangemrudisha nyumbani, basi, kwenye kile kiti... kile kiti, Alhamisi ile, kipindi kimeanza tu Wilma akasema, "Ni mpwa huyo," na Vernon hakubisha, akadhani kasinzia, akatazama mpaka mwisho, saa nzima wanampasua marehemu kwenye kioo na marehemu wake mwenyewe yuko hapo ubavuni, mkono umeshapoa, hakuona, yeye anayeona kila kitu, na askari alipokuja aliuliza tu, "Alifariki saa ngapi, mama?" naye akajibu, "Sasa hivi, nilikuwa nimemshika mkono," askari akaandika, hakupima kitu, hakuwasha taa yoyote, akaandika neno la bibi kizee na kuvua kofia... ni rahisi hivyo, kumbe ndiyo maana anautaka unywele, analijua neno la bibi kizee lina uzito gani, na Ardis ana sabini na minane, huenda naye... ngoja. Ngoja kwanza. Ardis alisema nini pale kizimbani, Wilma alikuwa anamkodolea macho mpelelezi, kamsikia kwa sikio moja... alisema, "Nilimfungulia Kody mlango mwenyewe. Nilikuwa na gauni la ndani tu, nakula aiskrimu kwenye kopo, ndicho chakula changu cha jioni. Akataka funguo za gari langu, nikamwambia mlevi mkubwa kama baba yako. Hapo ndipo akashika kikaango." Watu wakacheka chinichini, Ardis akaiva uso, na hakuna aliyemuuliza habari ya aiskrimu, wala ya gauni, wala ya tusi... Wilma hakumtajia askari kipindi, Wilma alikifua kisa chake, akakipiga pasi, mkono ndani ya mkono kama kadi ya rambirambi, mwongo hufua, Wilma anajua, na Ardis kakileta chake na madoa yake yote... ee Vernon, mshukiwa wa kweli katika chumba hiki ni nani... "Bi Wilma?" anasema Gene, kofia ingali hewani. "Nipe karatasi nyingine." "Ziko kumi na mbili tu, mama. Karani alizihesabu, nikazitilia sahihi." "Basi nitakata nilichoandika." "Itakuwa chafu." "Na iwe chafu," anasema Wilma, na kiganja bado kimeilalia.