Kidhibiti Kilichomrudisha Kifungua Mimba

Jumamosi asubuhi, mpigapicha mstaafu alikuwa amepiga magoti kwenye stoo ya chini ya ngazi, miwani puani, tochi mdomoni, akifunga kadi mpya ndani ya seva yake, ile kompyuta ya kutunzia picha. Nyuma yake mkewe alisubiri apishwe achukue ndoo. Alisubiri sana. Katika nyumba ile ndoo, mifagio na pasi vilikaa kwa hisani ya seva.

Ndani ya seva mlikuwa na diski nne, na ndani ya diski hizo mlikuwa na ukoo mzima: harusi, mahafali, watoto wakiota meno. Kidhibiti cha zamani, ile kadi inayozisimamia diski, kilikuwa kimechoka hasa. Ukifungua video ya harusi, bwana harusi alijikokota kama anapelekwa polisi. Kisha diski moja ikafa, na mzee akakata kauli: kidhibiti kipya, tena cha kasi.

"Na vilivyokuwa kwenye hiyo iliyokufa?" aliuliza mwanawe wa kiume, fundi umeme, aliyekuja kumshikia nyaya.

Mzee aliitoa tochi mdomoni. "Havipotei. Hiki kidude kinasoma diski zilizobaki, kinapiga hesabu, kinajua ni nini hakipo. Halafu kinakirudisha."

"Kila kisichokuwepo?"

"Kila kisichokuwepo," alisema mzee kwa maringo, utadhani amekiunda yeye.

Mama alichukua ndoo yake akaondoka. Nyumba ile ilikuwa na kisichokuwepo kimoja, na hakikuwa diski.

Alikuwa binti yao, kifungua mimba. Miaka mingi nyuma lenzi ya kamera ya mzee ilipotea, naye mbele ya wageni akamsingizia mdogo wa mkewe kuwa ameiiba. Binti akasema, mbele ya wageni wale wale, "Baba, umekosea. Lenzi imo mfukoni mwa koti lako." Na kweli ilikuwa mfukoni mwa koti lake. Mzee akamwambia aondoke, arudi akishapata adabu. Binti akajibu kwamba atarudi siku baba yake atakaposema neno moja tu: nimekosea. Basi wakabaki hapo. Mzee hakupiga kelele. Aliketi mbele ya kompyuta akamtoa binti kwenye kila picha na kila video, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Majirani walimbandika jina la Mkasi, na sidhani kama walimwonea.

Kidhibiti kikaanza kazi. Mkasi alikuwa ameshaonya kwamba wakati wa kurudisha mambo yatakwenda polepole, na yalikwenda polepole kweli, nyumba nzima. Maji ya chai yaligoma kuchemka. Tone lilitoka bombani, mama akaenda kufagia uani, akarudi akalikuta bado liko njiani kuelekea kwenye sinki. Alimsalimia jirani juu ya ukuta asubuhi, na salamu ikamfikia jirani wakati wa chakula cha mchana. Fundi umeme alisema ni kawaida, mzigo ni mkubwa.

Jua lilipoanza kupoa, taa ya seva ikawa ya kijani, na kwenye skrini pakaandikwa: hakuna kinachokosekana. Mkasi akafungua video ya harusi ya mwanawe apime kasi. Ilifunguka kabla hajainua kidole. Bwana harusi alitembea kama mtu huru. Na kwenye benchi la mbele, pale penye pengo ambalo Mkasi aliliziba kwa maua, alikaa binti yake katika gauni la kijani, akimnong'oneza mama yake jambo. Mama wa kwenye video alicheka. Miaka yote hiyo alikuwa akiyachekea maua.

Mkasi akamfuta. Kidhibiti kikamrudisha. Akamfuta tena, kikamrudisha upesi zaidi, na tuseme ukweli, kasi yenyewe ilimfurahisha.

Kesho yake kandambili za binti zilikuwa mlangoni. Siku iliyofuata kikombe chake kilikuwa kabatini. Kisha akawepo mwenyewe jikoni, katika gauni lile lile, akikausha vyombo, na umri wake ni ule ule wa harusini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema Mkasi, akaomba sukari.

Mama alimkumbatia. Binti alikuwa na joto, alinukia ile sabuni iliyoacha kuuzwa zamani. Mama alilia mpaka kanga ya begani ikalowa, na alipokwisha kulia akamnong'oneza, "Mwanangu, ile lenzi ilikuwa wapi?"

"Lenzi gani, mama?"

Siku ile ya lenzi hakuna aliyepiga video. Kamera haikuwa na lenzi. Binti huyu alikuwa amekusanywa kutoka kwenye sherehe tupu, na katika sherehe baba yake hajawahi kukosea. Mkasi alimpenda ajabu. Walikunywa chai pamoja, mzee akimsomea takwimu za kasi, naye akisema, "Hongera, baba."

Mama akamvuta fundi umeme pembeni. "Hicho kidude kinaweza kurudisha neno?"

"Kama liliwahi kusemwa, mama."

"Na kama halijawahi?"

Fundi umeme alikuna kichwa. "Hapo hakina pa kuanzia."

Hata hivyo mama alijificha nyuma ya nguo zilizoanikwa, kama alivyozoea, akampigia simu binti halisi aliyekuwa mbali. Binti aliuliza lile analouliza siku zote: "Amesema?"

"Bado. Lakini njoo hivyo hivyo. Siku hizi amelainika, anacheka mezani."

Akaja Jumapili mchana, mvi zikichungulia juu ya paji la uso, keki mkononi. Mkasi alifungua mlango mwenyewe. Nyuma yake, mezani, gauni la kijani lilikuwa linamimina chai.

"Shikamoo, baba."

Mkasi alifungua kinywa. Mama alisimama kando ya sinki ameshika taulo kwa mikono miwili, haombi kitu kingine duniani.

"Marahaba," alisema Mkasi. "Karibu. Ila viti vimejaa."

"Kile ni kiti changu, baba."

"Kina mtu."

Binti alimtazama mwenzake aliyekaa. "Mbona nimekuwa mpole hivyo?"

"Ndivyo ulivyokuwa."

"Hakuwa hivyo hata siku moja!" alisema mama kwa sauti, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumpinga mumewe mbele ya mtu. Mkasi akatazama saa, akasema seva inamsubiri.

Mama alimsindikiza binti hadi getini. Walishikana mikono mpaka vidole vikauma.

"Akisema, nipigie."

"Nitakupigia, mwanangu."

Aliporudi, yule wa gauni la kijani alikuwa ameshamwekea chai na kipande cha keki. Sauti ya Mkasi ikatoka stoo. "Bibie! Njoo uone kasi hii!"

Mama akaenda. Mumewe alikuwa amepiga magoti, uso umemjaa mwanga wa kijani, akimwonyesha skrini kwa kidole. Hakuna kinachokosekana. Mama aliyasoma maandishi mpaka mwisho, akaomba apishwe achukue ndoo.