Mawe Yenye Uhai

Mwaka ambao gesi ya Mnazi Bay ilianza kuwasha taa za Mtwara mjini, mkandarasi mmoja kutoka Dar es Salaam alikuja kujenga hoteli ufukweni, upande wa Msimbati. Alitaka jengo lenye sura ya kale, ukuta wa mbele wote ubandikwe mawe ya matumbawe yaliyochongwa, kama nyumba za zamani za Mikindani. Fundi wa kazi hiyo vijiji vile vilikuwa naye mmoja tu, Gaspari, ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya ng'ambo na hawakurudi tena.

Mkewe, Rosalina, alipokea habari ile kwa furaha. Miaka mingi mumewe alikuwa akiishi kwa kuziba nyufa na kupiga lipu vyoo vya watu, na mikono iliyofunzwa kuchonga mawe ilikuwa imelala tu. Sasa Gaspari aliondoka asubuhi amejaa maneno, akarudi jioni amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Jirani yao, Sharifa, alikuja kuwapongeza akiwa na sahani ya mihogo ya nazi. Kiwanja walichokaa akina Rosalina kilitolewa na babu yake Sharifa, enzi ambazo watu wa ng'ambo walifika na mabunda kichwani, na tangu hapo nyumba zile mbili zilikuwa kama nyumba moja iliyogawanywa na uchochoro.

Mawe ya kwanza yaliletwa na lori kutoka machimbo ya zamani ya bara. Yalikuwa ya kijivu, makavu, bahari ilikwisha kuyasahau. Lakini siku moja Rosalina alipompelekea mumewe chakula aliona trekta likipanda kutoka pwani, tela limejaa mawe ya rangi ya kahawia yanayochuruzika maji. Alisogea akagusa moja. Lilikuwa na ute. Kwenye kijitundu chake kaa mdogo alitoka, akatembea kidogo juani, akarudi ndani. Upande wa pili wa ua kulikuwa na rundo la mawe kama hayo yaliyoletwa kabla, yamekwisha kufa, na nzi walikuwa wameyafunika kama wanavyofunika utumbo wa samaki.

Alimuuliza Gaspari mawe yale yanatoka wapi.

"Mwambani," alisema Gaspari bila kumtazama. "Ya bara ni magumu, yanapasuka vibaya. Haya ni laini, unayakata kwa msumeno. Mkandarasi ana haraka."

Rosalina alimkumbusha aliyokuwa akiyasema mwenyewe, kwamba baba yake hakuwahi kujengea jiwe bichi, na kwamba jiwe la bahari likiingia ukutani na chumvi yake halitulii. Gaspari alijibu kwamba alikwisha kuyasema hayo kwa mkandarasi, naye akaambiwa kazi yake ni kubandika.

Baada ya hapo kijiji kiliitwa kwenye mkutano. Sheria ya mazingira ilikuwa mpya, na kila mradi ulitakiwa uwe na tamko la athari zake. Mtaalamu aliyeandika tamko hilo aliitwa Erasto, kijana mpole mwenye sauti ya kutuliza. Aliwasomea wanakijiji kwa subira, akifafanua kila neno gumu. Hoteli ile, alisema, itakuwa mfano. Ukuta wake wa mbele hautatumia saruji nyingi wala marumaru ya kusafirishwa kwa meli, utatumia jiwe la hapahapa lililokufa zamani, kutoka machimbo ya bara, jiwe linalopoza nyumba bila umeme. Watu wakapiga makofi. Rosalina alitazama viatu vya Erasto. Vilikuwa vimelowa hadi kifundoni, na mchanga wa pwani bado umeshika kwenye kamba.

Nyuma yake alimsikia mwanamume mmoja akinong'ona kwamba safari hii hata watu wa kuja wamepata vyeo, naye, aliyekuwa ameanza kuinuka, akaketi tena. Alimsubiri Erasto karibu na gari lake, akamwambia kwamba mawe yanayobandikwa siyo yale aliyoyasoma. Erasto alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Rosalina baridi.

"Mama, tamko linataja mawe yaliyoruhusiwa," alisema. "Hayo mengine hayamo kwenye tamko. Kwa serikali, hayapo."

Kisha akamshukuru kwa kuja, akafunga mlango wa gari polepole.

Kazi iliendelea. Kila maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, yalipotoka na kuacha mwamba wazi, vijana walishuka na mitalimbo wakavunja mwamba, na mikoko ikakatwa kwa ajili ya tanuri la chokaa. Mwanzoni mabadiliko yalikuwa madogo, ya kubishaniwa. Wanawake waliozoea kupata pweza wakarudi na kapu tupu, wakasema ni mwezi mbaya. Kisha ngurumo ya mawimbi yakivunjikia kule mwambani, ambayo watoto wa kijiji kile waliisikia tangu tumboni, ikaanza kupungua. Baada ya muda haikusikika kabisa. Badala yake kukawa na kishindo kingine, kizito, karibu, cha mawimbi yakipiga ufukweni, ardhi ikitikisika kidogo chini ya mkeka. Watu walikizoea kama wanavyozoea mgonjwa anayekohoa chumba cha pili.

Siku moja Sharifa alionja maji ya kisima chao, akatema. Akamwita Rosalina aonje naye. Wote wawili walisimama pale wakiwa na ndoo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ni chumvi.

Hoteli ilifunguliwa kwa ngoma na risala. Ukuta wake ulipendeza kwelikweli, na picha yake ikatoka gazetini. Lakini mvua za kwanza zilipopita mawe yakaanza kutoa jasho. Unga mweupe ulichomoza kwenye viungo, harufu ya kuoza ikaingia vyumbani, na Gaspari akaitwa kuyasugua kwa brashi. Alisugua, na baada ya siku chache unga ukarudi. Nyumbani binti yao, Vania, akimuuliza jambo, Gaspari alimjibu kitu kingine kabisa.

Upepo wa kusi wa mwaka uliofuata ulikuta mwamba umekwisha kuvunjwa. Adhuhuri moja, jua likiwaka, bamvua ilipanda na mawimbi yakaja mazima mpaka ufukweni bila kuvunjika njiani. Yalilamba mchanga chini ya minazi, minazi ikalala, kisha jiko la Sharifa likainama kama mtu anayetaka kusujudu, likaanguka majini. Rosalina na Vania walikimbia kumsaidia kutoa vitu. Walitoa magodoro, sufuria, sanduku la nguo, kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Ukuta wa chumba cha kulala ulipasuka wakiwa bado ndani, wakatoka wakikanyaga maji.

Sharifa aliketi juu ya sanduku lake, nyumba ikimalizikia mbele ya macho yake. Hakulia. Alipogeuka, alimtazama Rosalina usoni.

"Mumeo alijua mawe yanatoka mwambani?"

"Alijua," alisema Rosalina. "Na mimi nilijua."

Sharifa aliitikia kwa kichwa. Jioni ile alihamia kwa kaka yake, Issa, ndani zaidi ya kijiji, na tangu siku hiyo alipokutana na Rosalina njiani alipita kama anayepita mti.

Kabla ya kusi kwisha, mkandarasi aliitisha mkutano mwingine. Alitaka kuongeza jengo la pili, na Erasto alikuwa na tamko jipya, maneno yakiwa karibu yaleyale. Alisema mmomonyoko wa pwani ni jambo la dunia nzima, linatokana na hali ya hewa. Rosalina alisimama akiwa katikati ya wanawake. Alieleza kuhusu trekta, ute, kaa, mikoko, kisima. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba kama hapapendi avuke mto arudi kwao. Mwenyekiti wa kijiji, Jafari, alikuwa anainua mkono kumkalisha chini, ndipo Gaspari akasimama kule nyuma.

"Asemalo mke wangu ni kweli," alisema. "Mawe ya ukuta ule yalikuwa hai nilipoyapokea. Niliyakata mimi."

Kisha Sharifa, bila kumtazama mtu, akasema yeye hatatia saini kwenye mahudhurio yanayopelekwa wilayani kama ridhaa ya kijiji, na wanawake wakaanza kutoka mmoja mmoja. Erasto alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika kitu.

Jengo la pili halikujengwa. Ofisi ya wilaya ilipiga marufuku kuvunja mwamba, na Gaspari akafukuzwa kazi siku iliyofuata. Watu waliona kwamba wameshinda, na kwa kiasi fulani walishinda. Lakini bahari haikuwa na habari ya marufuku hiyo. Bamvua iliyokuja ikachukua safu nyingine ya nyumba, ya Rosalina ikiwemo. Walihamia Madimba, wakapata shamba la mikorosho la kutunza. Siku ya kuhama, Sharifa alikuja kubeba mzigo. Alibeba kinu mpaka barabarani, akakiweka chini, akasema, "Nitakuja kuwaona." Ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kumsemesha Rosalina tangu siku ile.

Msimu wa korosho ulipokuwa umechanganya, gari liliingia uani kwao. Aliyeshuka alikuwa Erasto, amenenepa kidogo, sauti ileile. Aliwasalimia kwa heshima, akakubali maji ya kunywa, akauliza hali ya watoto. Kisha akaeleza kilichomleta. Kulikuwa na nyumba za wageni zitakazojengwa huko kusini, mlangoni mwa Ruvuma. Hakuna jiwe hata moja, alisema, walikuwa wamejifunza. Safari hii kuta za nje zote zitafunikwa mbao za mikoko, kitu cha asili kinachoota tena chenyewe, na walihitaji fundi anayewafahamu watu wa kule.

Gaspari alisema hapana. Alilisema taratibu, akaendelea kumenya kijiti alichokuwa nacho mkononi. Kule mlangoni mwa mto walikaa ndugu zake, nyumba zao zikiwa nyuma ya mikoko ileile.

"Nimekuelewa, mzee," alisema Erasto. "Fundi mwingine atapatikana. Tamko limekwisha kuandikwa."

Aliaga, akamrudishia Rosalina kikombe kwa mikono miwili. Rosalina alitoka hadi kwenye mikorosho kulitazama gari. Alidhani litageuka kulia, kurudi Mtwara. Liligeuka kushoto, likashika njia ya mtoni, na nyuma yake likafuata lori lililokuwa likilisubiri chini ya kivuli, limejaa vijana walioketi juu ya misumeno.