Bia ya Harusi ya Corinne

Bia ya krimu haina krimu. Nimelieleza jambo hili mara nyingi kuliko nilivyokwenda kuungama, na bado kila mwaka hakosi mtu wa kuniuliza maziwa yanaingia saa ngapi. Hayaingii. Ni kimea cha shayiri, mahindi, hopsi kiduchu, yale maua machungu ya bia, na subira, basi. Ndiyo bia ya kwetu huku kusini mwa mji wa Buffalo, waliyokunywa babu zetu wakitoka viwandani, na ni ulaini wake tu uliofanya waipe jina hilo. Mimi naongeza vanila. Dutch Hagerty, mwenzangu wa chama cha watengeneza bia wa nyumbani, husema hapo ndipo ninapoiharibu. Lakini Dutch alikuwa mpeleka barua miaka thelathini, na nadhani ulimi wake uliishia kwenye stempu.

Mwezi wa tatu binti yangu Corinne alinipigia simu. Anaolewa Juni, kando ya ziwa, wageni themanini.

"Baba, bia utatengeneza wewe, au siyo?"

"Sasa nani mwingine? Unataka watu wanywe maji ya kopo?"

"Nataka ile ya vanila."

Nikakohoa kidogo. "Mama yako atakuja?"

"Baba jamani, ni harusi yangu. Asije kwa nini?"

"Peke yake?"

"Usianze, Baba. Naomba usianze."

Sikuanza. Lakini moyo ulikuwa umeshaanza wenyewe. Roz aliondoka miaka miwili iliyopita, baada ya miaka ishirini na saba ya ndoa. Hatukupigana, wala hakuna aliyemfumania mwenzake. Alisimama mlangoni pa banda la gari, pale ninapopikia bia yangu, akasema, "Merle, naishi peke yangu na wewe upo." Nilikuwa napima joto la sufuria. Nilimwambia anisubiri dakika tano. Niliponyanyua kichwa alikuwa ameshaingia ndani, na baada ya wiki mbili alihamia jimbo la Ohio kwa dada yake.

Nitasema wazi, sina umri wa kuficha: nilitaka mke wangu arudi. Nilitaka arudi hata nikiwa naosha ndoo. Roz hakuwa mpenzi wa bia, ila ile ya vanila aliinywa. Jumapili alikuwa akikaa juu ya friji la nyama, lile la kulala lenye mfuniko juu, miguu ikining'inia, glasi mikononi, ananiangalia nikihangaika na mipira yangu ya kupitishia bia. Sijaona tena mtu aliyekaa vizuri vile. Kwa hiyo nilijiambia kwamba siku ya harusi nitampa glasi moja, atakunywa, atakumbuka, na ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Ng'ombe aliyevunjika guu alikuwa mimi, lakini wakati ule sikuona hivyo.

Tulipika Jumamosi moja ya Aprili, mlango wa banda ukiwa wazi, na nje kulikuwa bado na kichuguu cha theluji chafu niliyoisukuma mwenyewe. Nilikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji la kaunti kwa miaka thelathini na mmoja. Theluji ya mwisho huwa naiona kama mfanyakazi mwenzangu aliyekataa kustaafu. Dutch alikuja na mwiko wake na domo lake.

"Unampikia bwana harusi au bibi aliyetoroka?" akauliza.

"Koroga."

"Nauliza tu. Maana hata ndoo umezisugua mpaka zinaona haya."

"Dutch, koroga au nenda kwako."

Akakoroga. Tukaloweka kimea na mahindi, tukachuja, tukachemsha saa nzima, tukapoza, nikatia hamira, nikagawa kwenye madumu mawili ya kioo. Kwa siku kumi bia ilichachuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, ikibwabwaja taratibu, na kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa kwenye daftari langu.

Kisha ikaja vanila. Kawaida yangu ni maganda mawili kwa dumu. Unalipasua ganda kwa urefu, unakwangua mbegu, unaloweka vyote kwenye wiski, halafu unamimina na kuonja kila siku. Nina medali tatu za mashindano ya jimbo kwa sababu ya maganda hayo mawili. Majaji wanataka vanila inayobisha hodi na kwenda zake, siyo ile inayoingia na kuvua viatu.

Lakini mara hii nilikuwa na haraka ya mapenzi. Siku ya kwanza nilishuka chini mara tatu kunusa. Siku ya pili mara sita. Siku ya tatu nilikuwa nimebeba kiti, nikakaa pale, pua kwenye mdomo wa dumu. Siku ya nne vanila ikapungua. Siku ya tano ikatoweka kabisa. Nilinusa nikasikia mahindi tu, na baridi ya sakafu.

Nikaongeza maganda mawili. Kesho yake sikusikia kitu, nikaongeza mawili mengine. Halafu matatu.

Dutch alikuja kuazima brashi ya chupa, akasimama kwenye ngazi, nusu chini nusu juu. "Yesu na Maria. Merle, unaoka keki huku?"

"Haisikiki. Nadhani nimeuziwa maganda mabovu."

"Haisikiki kwa nani? Pua yako imechoka, bwana! Umelala na vanila wiki nzima. Mfuga kuku unamwona analalamika harufu ya kuku? Panda juu, tembea, kula kitunguu. Kaa siku mbili bila kunusa. Au nipe mimi nionje."

"Ulimi wa stempu uonje bia ya binti yangu?"

"Kila mtengeneza bia anajua hili, Merle. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Ni kweli, nilimfundisha mimi. Ni somo la kwanza tunalompa mwanachama mpya: usiamini pua iliyokaa na kitu kimoja. Na bado nilimwonyesha mlango. Sikuwa natafuta vanila tena. Nilikuwa natafuta mle ndani Jumapili zetu, na miguu ya Roz ikining'inia, na ganda la vanila hata liwe zuri vipi halina vitu hivyo. Nyumba yangu ilikuwa imeshapoteza harufu yake. Mto wake wa kulalia nilikuwa nimeunusa mpaka ukabaki mto.

Jumla yaliingia maganda kumi na moja, badala ya manne. Nikahamishia bia kwenye kegi mbili, vile vipipa vya chuma vyenye bomba, nikaziweka kwenye friji zitulie wiki tatu, kama inavyotakiwa.

Juni ilipofika nilikwenda ziwani siku tatu kumsaidia Corinne kubeba meza na kusimamisha hema. Kule nilinusa majani, samaki, mafuta ya boti. Nilirudi siku moja kabla ya harusi nikiwa na pua mpya, nikafungua kegi ya kwanza, nikajimiminia kidogo. Nilitamani kuketi chini. Lilikuwa ni duka la marashi lililomwagiwa sukari. Vanila haikubisha hodi. Ilivunja mlango, ikakaa kwenye kiti changu.

Nilimpigia Dutch. Alikuja baada ya dakika kumi, akaonja, akafumba macho.

"Sema basi," nikamwambia.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimemaliza." Akajifuta mdomo. "Nina kegi ya bia ya krimu ya kawaida, haina vanila. Tuchanganye nusu kwa nusu."

Ndivyo tulivyofanya. Tulichanganya kegi moja, ikatoka laini, ya dhahabu, vanila ikipita kwa mbali. Ingenipa medali ya nne. Kegi ya pili haikuwa na ya kuchanganyia, tukaibeba hivyo hivyo. Dutch alisema wageni wakishalewa hawachagui. Tuliificha nyuma ya hema, kwenye beseni la barafu.

Roz alikuja na gauni la buluu, nywele amezikata fupi na mvi ameziacha zionekane. Nilidhani nimejiandaa. Sikuwa nimejiandaa. Alinikumbatia kama unavyomkumbatia mtu mliyefanya naye kazi zamani, kisha akamtambulisha Glenn, mrefu, mpole, aliyembebea mkoba. Glenn akanishika mkono akasema Corinne ana bahati ya kuwa na baba anayejua kazi ya mikono. Laiti angekuwa mjinga. Ningelala vizuri kwa mwaka mzima.

Baada ya viapo na picha na soseji za kwetu za kabichi, nilijaza glasi moja kwenye kegi iliyochanganywa. Niliitazama kwenye mwanga: povu jeupe, bia safi. Nikampelekea mwenyewe, nikipita katikati ya wachezaji wa ngoma ya polka bila kumwaga tone.

"Ya vanila," nikasema.

"Oh, Merle." Alinywa. Nilikuwa naangalia uso wake kama ninavyoangalia kipimo cha joto. Akatabasamu. "Nzuri. Nzuri kama kawaida yako." Akaiweka mezani, kando ya maua, akamgeukia shangazi wa bwana harusi.

Nilizunguka, nikasalimia watu, nikapigwa mabega. Wenzangu wa chama waliinua glasi zao na kutikisa vichwa kwa heshima. Kila nilipopita nilitupa jicho kwenye meza ile. Glasi ilikuwa pale pale, karibu imejaa, povu limekufa. Nilihisi kama mtu aliyejenga nyumba nzima halafu akakuta hakuna anayehamia.

Alasiri, jua likiwa bado liko juu ya ziwa, nilikwenda nyuma ya hema kutafuta barafu. Nikasikia kicheko cha Roz. Sikuwa nimekisikia kicheko kile, cha kutoka tumboni, tangu kabla hajaondoka. Alikuwa ameketi juu ya kreti, viatu kavivua, mkononi ana glasi, na Dutch anamchotea kutoka kegi ile ya aibu.

"Nilikuwa namwonyesha mkasa wako," Dutch akasema, akijitetea. "Nimemwambia aonje kipimo cha wazimu. Hii ni ya tatu, Merle. Mwenyewe ndiye anayeomba."

"Roz, hiyo imeharibika," nikasema. "Iache. Pua yangu ilichoka, nikapitiliza."

Akainua glasi yake. "Imeharibika? Merle, hii ndiyo niliyokuwa nakuomba."

"Uliniomba lini?"

"Kila mwaka. Kila mwaka wa Mungu, pale bandani. Nilikuwa nasema, Merle, ongeza kidogo vanila, naisikia kwa mbali tu, inanitia hamu halafu inakimbia. Nawe unaniambia majaji hawataki. Mwaka ule uliopata medali ya pili niliomba dumu moja tu, la kwangu. Ukasema utaona."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki."

Dutch, ambaye hajawahi kunyamaza tangu abatizwe, alichukua ndoo ya barafu akaondoka.

Nilijaribu kukumbuka. Nilimwona juu ya friji, miguu, glasi, kila kitu. Niliona mpaka rangi ya soksi zake. Mdomo wake niliuona ukisema kitu. Lakini sauti haikuwepo, hata neno moja, kwa sababu siku hizo zote nilikuwa nimeinamia sufuria. Miaka miwili nilikuwa namlilia mwanamke ambaye nilikuwa nimemtazama bila kumsikia. Niliona aibu, na kwenye aibu ile nikamtamani kuliko siku aliyoondoka.

"Roz," nikasema, "nyumba iko vile vile. Ukitaka, naweza kupika hii hii. Kila mwezi. Majaji wakafie mbali."

Alinyoosha mkono akanigusa kwenye kola, akainyoosha, japokuwa haikuwa imekunjamana. "Ungeniambia hivyo nikiwa bado nipo, Merle, ningelia kwa furaha. Sasa nalia tu." Na kweli alikuwa analia, kidogo, huku anacheka na kujifuta kwa kiganja.

Kutoka upande wa magari, Glenn aliita kwamba safari ya Ohio ni mwendo wa saa nne na watafika giza likishaingia. Hakuita kwa hasira. Roz akavaa viatu vyake, akasimama, akaitazama kegi.

"Utaimwaga hii?"

"Nani ataikubali?"

"Nifungie basi niende nayo. Glenn hanywi vitu vitamu. Nitakunywa mwenyewe."

Kwenye sanduku langu la vifaa nilikuwa na jagi moja kubwa la kioo lenye mfuniko, tunalotumia kubebeana bia nyumba kwa nyumba. Nililisuuza kwa barafu iliyoyeyuka, nikaliinamisha chini ya bomba. Povu likapanda haraka. Nikafunga bomba, nikanyanyua kichwa nikamtazama.

"Nijaze mpaka wapi?"

Alifikiri. Nilisubiri. Bendi ilimaliza wimbo, watu wakapiga makofi, nami nilikuwa bado nasubiri.

"Mpaka juu kabisa," akasema.

Nikajaza mpaka juu kabisa, nikakaza mfuniko, nikafuta jagi kwa shati langu. Akalikumbatia kwa mikono miwili, akaenda nalo kwenye gari la Glenn.